Kitabu Kikifika Kusini: Namna ya Kukipima Kabla ya Kukisifia

Vitabu vingi vya mazingira, safari na maisha ya kutunza ardhi vinavyosomwa Mtwara na Lindi viliandikwa kwa ajili ya watu wa kwingine. Vingine vimeachwa na wageni, vingine vinarushwa kwenye simu, na hata vile vya Kiswahili mara nyingi vimetungwa na mtu aliyekaa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Ndiyo maana maoni ya aina ya "kitabu kizuri, kinaelimisha" hayamfai mtu wa Newala wala wa Ruangwa. Anachotaka kujua ni ushauri gani unashika huku, upi utamtia hasara, na kwa nini. Maelekezo yafuatayo ni ya kusoma ukiwa na penseli, kamba ya kupimia na ndoo, kisha kuandika maoni ambayo mwenzako anaweza kuyafanyia kazi.

Kwanza ujue kinatoka wapi

Kabla ya sura ya kwanza, fungua ukurasa ulio nyuma ya jina la kitabu, wenye maandishi madogo ya hakimiliki. Tafuta mwaka wa toleo, siyo mwaka wa kuchapwa tena. Kitabu kilichochapwa 2016 kinaweza kuwa na maneno yaleyale ya 1979, na karatasi mpya haibadilishi nauli, barabara wala dawa iliyokwisha kupigwa marufuku. Kisha angalia mji wa mchapishaji, halafu usome utangulizi ujue mwandishi alilima au alitembea wapi. Utangulizi ukinyamaza, picha zitasema: miti iliyopukutika juu ya theluji si ya Nachingwea. Ndani ya jalada andika kwa penseli mwaka, mahali, kiasi cha mvua ya huko kama kimetajwa, na vipimo anavyotumia.

Vipimo ndivyo huwapoteza wengi bila wao kujua. Galoni ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza ni lita 4.5. Pauni ya uzito ni gramu 454. Inchi moja ya mvua ni milimita 25.4. Kikombe cha vitabu vya Marekani ni karibu mililita 240, kwa hiyo usichukue kikombe chochote cha chai ukadhani ndicho. Hekta ni ekari 2.47. Na kuna moja ya kukariri: tani 10 kwa hekta ni sawa na kilo 1 kwa mita ya mraba. Kitabu kikisema mboji tani 20 kwa hekta, tuta lako la mita 1 kwa 5 linataka kilo 10, na ekari nzima inataka tani 8. Hapo hapo unajua kama ushauri umetoka kwa mwenye ng'ombe thelathini au kwa mwenye mbuzi wanne.

Jua lao na jua letu

Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Vitabu vya Ulaya na Marekani vinasema paneli ya sola ielekezwe kusini na iinuliwe nyuzi 30 hadi 40, kwa kuwa jua lao hupita chini upande huo. Huku paneli inatazama kaskazini, na mwinuko wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha. Kama paneli ina urefu wa mita 1, nyuzi 10 maana yake ni kuinua ukingo wa kusini sentimita 17. Nyuzi 15 ni sentimita 26. Usiilaze bapa kabisa, kwa sababu vumbi na chumvi ya bahari vitaganda juu yake. Mteremko huo mdogo ndio unaoyafanya maji ya mvua yaioshe. Ukifuata kitabu cha London neno kwa neno, saa sita mchana mwezi Juni paneli yako itapata chini ya nusu ya mwanga wa moja kwa moja, halafu utamlaumu aliyekuuzia betri.

Kwenye vitabu vya ujenzi, kosa hilo huja kwa sura nyingine. Vinasema kivuli kiwekwe upande mmoja tu wa nyumba. Kwetu, kuanzia siku za 20 hivi za Oktoba hadi siku za 20 hivi za Februari, jua la mchana hupita kusini. Miezi mingine hupita kaskazini. Nyumba ya huku inahitaji upenu wa maana pande zote mbili.

Majira nayo yanataka akili zaidi ya kujumlisha miezi sita tu. Kitabu cha Uingereza kikisema "panda machipuko", kinachosubiriwa pale ni baridi iishe. Huku kinachosubiriwa ni udongo ulowe. Kwa hiyo kila unapokutana na jina la mwezi, jiulize mmea unangoja nini, halafu tafuta lini jambo hilo hutokea kwako. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei, na katikati yake, mara nyingi Februari, mvua hukatika siku kadhaa. Hapa hata vitabu vya Kiswahili huteleza: vingi hupanga kilimo kwa vuli na masika kama ilivyo Tanga na Dar es Salaam. Mkulima wa Mtama, Lindi, akisubiri Machi apande mahindi kwa kuwa kitabu kimesema "masika", atavuna mabua. Chora pembezoni mwa ukurasa mstari wa miezi kumi na miwili, juu uandike ya kitabu, chini ya kwako.

Maji: hapa hesabu ndiyo hakimu

Sura ya kuvuna maji ya mvua ipo karibu katika kila kitabu cha maisha endelevu, na ndiyo rahisi kuliko zote kuipima. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Pima nyumba kwa kamba, urefu mara upana wa eneo lililofunikwa na bati, bila kufuata mteremko wa paa. Nyumba ya mita 6 kwa 7 ina mita za mraba 42. Mvua ya Mtwara mjini ni karibu milimita 1,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano kwa ajili ya kumwagika na kukauka, zinabaki lita 33,600.

Sasa hesabu ya matumizi. Watu watano, lita 20 kila mmoja, ni lita 100 kwa siku. Kiangazi cha kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Desemba ni siku 200. Unahitaji lita 20,000 zilizokwisha kuhifadhiwa mvua ya mwisho inapokata. Paa linatosha, chombo ndicho hakitoshi. Kitabu kinachosifia simtanki la lita 5,000 kinasema kweli kwa mahali penye misimu miwili ya mvua, lakini huku litakauka baada ya siku 50, kabla ya Julai haijafika katikati. Hilo ndilo la kuandika kwenye maoni, pamoja na hesabu yake.

Jambo la pili ni maji ya kwanza ya kumwaga. Vitabu husema milimita 1 ya mwanzo iachwe ipite, yaani lita 42 kwa paa hilo, ndoo mbili kubwa. Vingine vinachora bomba la inchi 4 la kusimama lenye mfuniko chini. Bomba hilo hubeba karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo kipande cha mita 1 kinachoonekana kwenye mchoro hakitoshi hata kidogo. Weka pipa la lita 50. Tena Kusini kuna kitu ambacho mwandishi wa mbali hawezi kukijua: salfa. Mikorosho hupuliziwa wakati wa kiangazi, na unga huo hutua hadi kwenye mabati ya jirani. Nyumba iliyozungukwa na mikorosho iache mvua mbili tatu za mwanzo zipite zote kabla ya kuunganisha gata na tangi.

Kuhusu visima vifupi, ukiwa juu ya uwanda wa Makonde ruka sura hiyo. Mchanga wa Newala na Tandahimba hunywa mvua yote, hakuna mito juu, na maji yako chini mno. Zamani watu walishuka hadi mabondeni kuchota na kupanda nayo kichwani. Mabondeni na pwani ni habari nyingine, ila pwani onja kwanza kwa chumvi.

Shamba: jaribu padogo, pima, ndipo useme

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili yake. Kongwa, udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama sakafu na karanga zikagoma kung'oka. Mvua nayo haikufuata makaratasi. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umezikwa, fedha zilizofutwa vitabuni zikikaribia pauni milioni 36, na reli iling'olewa baadaye. Mtu mmoja mwenye jembe na misimu miwili angeweza kuugundua ugumu ule kwenye nusu ekari.

Kwa hiyo usimpe mwandishi shamba, mpe matuta sita. Kila tuta liwe mita 1 kwa 5, yapangwe jozi tatu, kila jozi ikae pamoja kwenye mteremko uleule. Katika jozi, moja fuata kitabu, la pili fuata mazoea yako. Mbegu iwe moja, siku ya kupanda moja, palizi siku moja, na kinachotofautiana kiwe kitu kimoja tu. Ukibadilisha mbegu na mbolea kwa pamoja hutajua nani kaleta mavuno. Weka matuta mbali na kivuli cha mkorosho, kwa sababu mizizi yake huenda mbali na hunyonya upande mmoja zaidi ya mwingine. Vuna kila tuta peke yake na ulipime kwa mizani ya kuning'iniza. Kama tuta la kitabu limeshinda katika jozi zote tatu, sema hivyo. Likishinda moja na kushindwa mbili, huo ni udongo unaobadilika-badilika, kitabu bado hakijasema kitu.

Mboji inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndipo vitabu vya nje vinapoanguka kwa sababu mbili za hapa hapa. Ya kwanza ni ukavu. Lundo la mita 1 kwa 1 kwa 1 juu ya ardhi, kama linavyochorwa, hukauka mwezi Julai na kusimama lilivyo kama kichuguu kilichohamwa. Kiangazi tumia shimo chini ya mwembe, kina cha sentimita 60, ufunike kwa makuti. Kipimo cha unyevu hakihitaji chombo: chota konzi moja kutoka katikati, ukiminye kwa nguvu. Yakidondoka matone mawili matatu kati ya vidole, pako sawa. Yakichuruzika, pamezidi na pataanza kunuka. Ongeza majani makavu. Konzi likifunguka na kumwagika kama pumba, mwagia maji. Ya pili ni mchwa. Kitabu cha kwao kinasema tandaza majani makavu hadi kwenye shina la mche. Ukifanya hivyo kwenye mchanga mkavu wa Masasi, mchwa watakula majani kisha wageukie gome. Acha nafasi ya kiganja kizima kuzunguka shina na utandaze wakati ardhi bado ina unyevu, siyo Septemba.

Majani ya mkorosho huoza polepole, kwa hiyo muda wa "wiki nane" wa kitabu uuongeze, na uyakatekate kabla ya kuyachanganya. Maganda ya korosho yasiingie kabisa kwenye lundo wala kwenye jiko la kupikia ndani ya nyumba. Mafuta yake huunguza ngozi, na moshi wake huumiza macho na kifua. Vitabu vinavyosema "kila ganda la njugu ni nishati" viliandikwa na watu wa karanga na nazi.

Kisha kuna neno "asilia", ambalo vitabu hivi hulipenda kupita kiasi. Chukua salfa. Ni madini ya asili, inakubalika kwenye kilimo hai, na ndiyo kinga kuu ya ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu wenye unga mweupe, kwenye mikorosho. Lakini ikirundikana mwaka baada ya mwaka, huufanya udongo kuwa na tindikali, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuhimili hilo. Tena inakinga zaidi kuliko inavyoponya: ukipuliza maua yakiwa tayari yamefunikwa na unga mweupe, umechelewa. Unga hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye maua na upepo umetulia, ili ushike. Na salfa ni ya kuvu. Mdudu anayefyonza machipukizi hataacha kwa sababu yake. Kitabu kisichotenganisha ugonjwa wa kuvu na mdudu, usikitumie kwenye zao la biashara. Kwa kiasi cha salfa cha kila mti, kitabu kisikushinde kukipima: kilinganishe na maelekezo ya TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho hapo hapo nje ya mji wa Mtwara chenye miaka mingi kwenye korosho. Nafasi ya kupanda ni kipimo kingine cha haraka. Mita 12 kwa 12 hutoa miche 28 kwa ekari. Kitabu kikikupa miche 60 kwa ekari, tafuta kinasema miti ipunguzwe lini. Kama hakina sura ya kupunguza miti, baada ya miaka kumi matawi yatagusana na maua yatabaki juu tu.

Dawa ya muarobaini nayo imo kwenye vitabu vingi. Gramu 500 za mbegu zilizobanguliwa na kutwangwa kwa lita 10 za maji, zilale usiku kucha, zichujwe kwa kitambaa, sabuni kidogo iongezwe ili maji yashike jani. Kinachosahauliwa ni muda. Jua huiua dawa hii, kwa hiyo ipulizwe jioni, na itarudiwa baada ya siku chache. Mbegu zenye kuvu hazifai, zikaushwe kivulini.

Chakula cha porini: hapa hakuna kujaribu

Kanuni ya matuta sita haifai kwenye sura za mimea ya kuliwa. Hapo kitabu kipimwe kwa macho tu, na kwa watu wanaochimba. Ming'oko, viazi vya porini, ni mfano mzuri. Inachimbwa kiangazi, inachemshwa, inauzwa barabarani, na jina lake la kitaalamu ni *Dioscorea hirtiflora*. Ndugu yake ndiga, *Dioscorea dumetorum*, mwenye majani yanayokaa matatu-matatu kwenye kikonyo kimoja, ana sumu. Wakati wa njaa watu walimla baada ya kumkata vipande vyembamba na kumlowesha siku kadhaa kwa kubadilisha maji. Kitabu kinachosema "viazi vya porini, chemsha nusu saa" bila jina la kitaalamu na bila kuchora jani, kiandike wazi kwenye maoni kuwa ni cha hatari. Kuchemsha mara moja hakutoshi.

Jina la Kiswahili peke yake nalo halitoshi, maana jina moja hubeba mmea huu Kilwa na mwingine Masasi. Majina ya Kimwera, Kimakonde na Kimakua yaandike pembezoni ukiyapata kwa bibi au babu anayeutumia mmea, pamoja na jina la kijiji. Nakala yenye maandishi hayo ina thamani kuliko mpya.

Vitabu vya safari

Kitabu cha safari kilichochanika kurasa za mwanzo unaweza kukikadiria umri bila tarehe. Kikikuvusha Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, kiliandikwa kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003. Kikisema hakuna daraja la magari juu ya Ruvuma kwenda Msumbiji, ni kabla ya 2010, mwaka wa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Nanyumbu. Kikiweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, kiko kati ya 2004 na 2014. Na kikiita Selous eneo lote la wanyama linalopakana na Liwale, ni kabla ya 2019 ilipozaliwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ukishajua umri, puuza nauli, majina ya mabasi na nyumba za wageni. Soma jiografia, historia na chakula.

Mambo mawili ya kukagua katika kila kitabu cha safari ya Kusini. Kwanza, saa na mwezi. "Basi huondoka 6:00" ni saa kumi na mbili asubuhi. Wasomaji wageni na wenyeji hukosana hapo. Na "lami tupu hadi Dar" ni kweli ya kiangazi; Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi na Dar es Salaam vipande kadhaa. Pili, bahari. Mwandishi akisema "tembea hadi kwenye mwamba" au "ogelea asubuhi Mikindani", tafuta kama anataja bamvua. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hutoka mbali majira ya saa nne hadi saa tano asubuhi, na tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Kila siku inayofuata, saa hiyo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kitabu kisichojua hilo kitamwacha msomaji wake juu ya mwamba maji yanarudi.

Vitabu vya wasafiri wa zamani visomwe kwa swali lingine: aliona, aliambiwa, au aliongezewa? Ibn Battuta alifika Kilwa 1331. Maelezo yake hayakuandikwa pale. Aliyasimulia baada ya kurudi Morocco, na mwandishi Ibn Juzayy akayakamilisha 1355. Humo nyumba za Kilwa zinatajwa kuwa za mbao. Ukisimama Husuni Kubwa unagusa kuta za mawe ya matumbawe, na jumba hilo linahusishwa na sultani huyohuyo aliyempokea. Huenda alizungumzia nyumba za watu wa kawaida, huenda kumbukumbu ilichoka. Magofu yapo, msomaji aende akiwa na ukurasa mkononi.

Swali la mwisho kwa aina hii ya vitabu ni nani alibeba mzigo. Livingstone alianza safari yake ya mwisho akitokea Mikindani 1866, na vitabu vingi humfanya aonekane anafungua njia. Mikindani ilikuwa tayari bandari ya misafara, na waliomtangulia njiani walikuwa na majina. Vivyo hivyo Tendaguru, Lindi: kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, na mjusi mkubwa kuliko wote waliochimbwa hapo yuko Berlin hadi leo. Zaidi ya tani 200 zilifika bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, siku kadhaa za kutembea, chini ya usimamizi wa Boheti bin Amrani. Kitabu cha Tendaguru kisichomtaja Boheti kipunguzie alama, hata kama picha zake ni nzuri.

Kuna vitabu ambavyo usivipime kwa ndoo wala kamba, navyo ni vile vya mtu aliyekaa mwaka mzima akitazama mto mmoja au msitu mmoja wa kwao. Hivyo ndivyo huvumilia safari kuliko vya maelekezo. Haviahidi mavuno, vinafundisha kutazama. Kipimo chake ni hiki: baada ya kukisoma, je, ukienda msitu wa Rondo au wa Litipo unaona kitu ambacho ulikuwa unakipita? Kama unaanza kujiuliza komba gani analia usiku ule, kitabu kimefanya kazi, ijapokuwa hakina mkorosho hata mmoja.

Kuandika maoni yenyewe

Maneno 150 hadi 250 yanatosha. Anza na kitabu ni cha nani na cha wapi. Kisha mambo matatu uliyoyapima, kila moja na ukurasa, kiasi na matokeo. Kisha taja sura ambazo hukuzigusa, ili mtu asidhani umezithibitisha. Nyota tano usizitoe, hazisemi kitu. Mfano wa kuigiza ni huu:

"Bustani ya nyumbani, kimechapwa Uingereza. Uk. 31, mboji: shimo la sentimita 60 badala ya lundo lake, iliiva wiki 14, siyo 8. Uk. 47, kutandaza majani: mchwa walikula miche 5 kati ya 12 tulipofuata picha, tulipoacha nafasi kuzunguka shina hawakula hata mmoja. Uk. 80, tangi la lita 5,000: halitoshi Kusini, angalia hesabu yangu nyuma. Sura za kuhifadhi mboga kwa baridi sikuzijaribu. Kinafaa kwa picha za wadudu na sura ya udongo. Kalenda yake usiifuate."

Andika upande wa pili kijiji, aina ya udongo kwa maneno ya kawaida (mchanga mweupe, mfinyanzi mweusi, tifutifu jekundu), msimu na mwaka. Karatasi usiibandike kwa gundi ya unga, mende wataila pamoja na jalada. Pini nayo hushika kutu kwa hewa ya chumvi na kuacha doa hadi kurasa za ndani. Ikunje uiweke kati ya ukurasa wa mwisho na jalada, na uache nusu yake tupu ili anayefuata aandike ya kwake.